Hofu Ilikuingia Wapi? Kumuaga Bi Shahira wa Chumba cha Moyo

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Shahira Misfar anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha afya cha Tal'at Tin, hapa mjini Salt, kwa miaka thelathini na mmoja. Mwanzo alikuwa wodi ya wazazi. Miaka yote iliyofuata ameimaliza katika chumba kimoja chenye kitanda kimoja, mashine ya kupima mapigo ya moyo, na dirisha linalotazama ngazi za mtaa wa juu. Amewaona wakurugenzi wakija na kuondoka, na kila mmoja alipojaribu kumhamisha alijibiwa kwa adabu kwamba atafikiria. Mpaka leo bado anafikiria.

Mimi ni Ghalib wa mapokezi, na kwa miaka kumi na tisa mlango wangu umepakana na wake. Nawajua wasomaji wa jarida hili, na najua wasifu wa wastaafu wetu huwa asali tupu. Ukiusoma utadhani kituo kinaendeshwa na malaika. Nilipomwambia kwamba zamu ya kuandika wasifu wake imeniangukia mimi, alisema niandike nitakavyo, lakini nisipomtaja Dima basi wasifu usichapishwe. Kwa hiyo Dima yumo. Aliyekuja kwa ajili ya kucheka ataipata aya moja au mbili, kisha atuwie radhi.

Wengi waliopanda ngazi zetu wakihema hawakuwa na ugonjwa mkubwa. Walikuwa na moyo unaoruka. Mtu amekaa zake baada ya chakula, mara anahisi kitu kimekatika kifuani, kimya kidogo, halafu pigo moja zito linalomfanya ashike kifua na kutaja jina la Mola. Likitokea usiku, alfajiri yuko mlangoni kwangu na mke, shemeji na jirani. Bi Shahira aliwapokea wote bila pupa. Kwanza alimlaza mgonjwa, akampima, karatasi ikaenda kwa Dokta Muwaffaq, na mpaka daktari aseme neno hakumtuliza mtu kwa maneno matupu. Daktari akishasema moyo ni mzima, ndipo yeye aliposhika kazi ya kueleza. Pigo moja limewahi kabla ya zamu yake, alisema, kama yule mtu asiye na haya anayeruka foleni ya mkate. Foleni inasimama kidogo kumshangaa, kisha inasogea kwa kishindo. Kile kishindo ndicho ulichokisikia wewe. Mkate haukuisha, na foleni haikuvunjika.

Mchinjaji wetu wa soko la chini, Baba Fawaz, alikuwa akija kila Ramadhani kutuaga. Aliamini Idi haitamkuta. Mwaka mmoja Bi Shahira alimuuliza anakunywa vikombe vingapi vya kahawa kati ya futari na daku. Baba Fawaz akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akahamia mkono wa pili, akasita. Akaulizwa kuhusu sigara, akatazama dari.

"Na usingizi je?"

"Mwanamke we, nani analala Ramadhani?"

"Baba Fawaz, moyo wako hauna ugomvi na mtu. Wewe ndiye unayeuchokoza. Punguza kahawa, kunywa maji, lala kidogo, halafu uje uniambie."

Alipunguza, kwa manung'uniko yaliyosikika mpaka msikitini, na miruko ikapungua. Yu hai mpaka leo, na bado anadai kwamba chai ya majani ya meramia aliyopewa chumbani humo haikuwa na sukari kwa sababu ya ubahili. Hilo la ubahili wa sukari sisi wafanyakazi wenzake tunalithibitisha.

Lakini upole huo ulikuwa na mpaka, na mpaka huo aliurudia kwa kila mgonjwa, msomi kwa asiyesoma, mpaka nami nikaukariri kupitia ukutani. Nauandika hapa kwa sababu ndio urithi anaotuachia. "Moyo ukiruka kisha ukaendelea na safari yake, usihangaike, njoo siku ya kliniki upimwe. Ukizidi kuruka, au ukienda mbio muda mrefu bila kutulia, au ikiwa unajijua una maradhi ya moyo, usingoje siku hiyo, njoo mapema. Ukiruka ukakuangusha, ukakubana kifua au ukakukata pumzi, usinitafute mimi, ita gari la wagonjwa. Na kama kwenu yuko aliyekufa ghafla akiwa kijana, njoo hata kama husikii kitu." Hilo la mwisho hakuwa akilisema miaka ya mwanzo. Lilitokana na yale ninayoyaandika sasa.

Katika nyumba nyingi za mji huu kuna bakuli la hofu. Ni bakuli la shaba lenye aya zilizochongwa ndani. Hutiwa maji, huachwa nje mpaka alfajiri, na aliyeshtuka hunyweshwa kabla ya kula kitu. Mama yangu alikuwa nalo, na mimi nimelinywea mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ndiyo maana mtu wa hapa moyo ukimruka haulizi moyo una nini. Anauliza ni kitu gani kilimshtua, na akishakipata anakwenda kuazima bakuli kwa shangazi.

Bi Shahira hakulivumilia bakuli hilo hata kidogo. Moto aliotoka nao chuoni ulikuwa bado haujapoa, na ulimi ulikuwa umenolewa. Alibandika tangazo mlangoni kwake kwa herufi kubwa: MABAKULI YA HOFU YAACHWE NYUMBANI. Aliyekuja nalo aligombezwa mbele ya watu, na wengine walirudi nyumbani bila kupimwa. Dokta Muwaffaq alimshauri alegeze kamba kidogo, naye akamjibu kwamba kituo ama ni cha tiba ama ni cha mabakuli. Wakati huo sote tulimwona shujaa.

Miaka kumi na minne iliyopita alikuja mama mmoja wa mtaa wa juu na binti yake. Binti ndiye Dima. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mcheshi, anafundisha watoto wa chekechea, na alilalamika kwamba moyo unamruka. Karatasi ya mapigo ilionyesha miruko miwili tu, ya aina ile ya Baba Fawaz. Daktari akauliza kama binti amewahi kuzimia. Mama akajibu kwamba hajawahi. Akauliza kama katika ukoo kuna aliyekufa ghafla angali kijana. Mama akasema hakuna. Dima alimtazama mama yake, kisha akainamisha kichwa na kuanza kuchezea pindo la mkono wa nguo. Bi Shahira aliuona mtazamo ule. Ameniambia mara nyingi kwamba aliuona.

Kumbe mwezi mmoja kabla ya hapo Dima alikuwa anaanika nguo, gari la gesi likapiga honi ghafla chini ya dirisha, naye akaanguka chini kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba, macho wazi, hasikii. Alizinduka baada ya muda. Na mama alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyekufa akiwa na miaka ishirini, siku waliyokuwa wanapasua miamba ya barabara karibu na nyumba yao, na ukoo mzima ulisema ni jicho baya. Yote hayo mama aliyajua. Lakini baada ya Idi kulikuwa na watu wa nyumba njema waliotaka kuja kumposa Dima, na hapa kwetu binti akishasemwa kwamba huanguka, posa hufa kabla haijapiga hodi. Basi mama akayameza. Waliambiwa binti yuko salama, apunguze kahawa, na arudi upesi akizimia au miruko ikizidi. Kwa majibu waliyoyatoa, ushauri huo haukuwa na kosa.

Wapeleka posa walikuja Ijumaa moja mchana, wazee wa pande zote mbili wakakaa ukumbini. Kama desturi ilivyo, mkuu wao aliweka kikombe cha kahawa mbele yake bila kukigusa mpaka apate jibu. Baba yake Dima alisema maneno yanayosemwa, kwamba wanywe kahawa yao, binti ni wao. Wanawake jikoni wakapiga vigelegele. Nje, binamu mmoja kwa furaha akapiga risasi tatu hewani. Dima alikuwa amesimama karibu na sinia la vikombe, akaanguka pale pale, na safari hii hakuzinduka. Walipomfikisha kwetu tayari alikuwa amekwenda. Niliyempokea mlangoni ni mimi, na sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Siku ya tatu ya msiba Bi Shahira alikwenda kutoa pole. Alipewa kahawa chungu ya matanga, akakaa na wanawake wenzake. Mama Dima alimshika mkono, akamwongoza mpaka jikoni, akafunga mlango. Kwenye msumari palining'inia mkoba mweusi. Akaingiza mkono ndani yake, akatoa bakuli la shaba.

"Siku ile nilikuja nalo," alisema. "Nilitaka nikuulize kama maji yake yanaweza kumdhuru. Nikakukuta unamgombeza bibi mmoja kwa sababu ya lake. Nikalisukuma ndani ya mkoba huu, chini ya shungi. Ningelitoa, ungeniuliza la nini. Na ungeniuliza mwanangu alishtukaje, huenda ningesema."

Bi Shahira hakutafuta maneno ya kujitetea, ingawa yalikuwepo. Aliliosha lile bakuli kwenye sinki, akalifuta, akamrudishia mwenyewe. Kesho yake asubuhi alilivua tangazo la mlangoni kwa kucha zake, gundi ikagoma, na mpaka leo alama yake iko pale. Atakayerithi chumba naomba asiipake rangi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Watu wengi waliitamka methali hiyo siku zile, wakimsema mama. Bi Shahira alikataa isemwe mbele yake. Alisema mficha maradhi huwa na watu anaowaficha, na yeye alikuwa mmoja wao.

Tangu hapo aliubadilisha mwendo wake wa kazi. Alinunua bakuli la shaba sokoni, akaliweka mezani karibu na mashine, mahali ambapo kila anayeingia angeliona. Hakumnywesha mtu. Liliwekwa kuwafungua watu midomo. Badala ya kuuliza kama mgonjwa amewahi kuzimia, swali ambalo kila mwenye binti alilijibu kwa hapana, alianza kuuliza: "Hofu ilikuingia wapi?" Na watu wakasimulia. Aliyeogopa mbwa, ambaye mumewe alichelewa kurudi, aliyeota marehemu baba yake. Masimulizi mengi yaliishia kwenye chai. Lakini katikati ya masimulizi yalijitokeza maneno kama "nikaanguka", "macho yakaingia giza", "hata kaka yangu alikufa hivyo hivyo", na hapo kalamu yake ilisimama, akaenda kumwita daktari. Dokta Muwaffaq, aliyekuwa akimsihi alegeze kamba, sasa alilazimika kuongeza saa za kliniki.

Aliyebaki alikuwa Rahaf. Dima aliacha mdogo mmoja, Rahaf, wakati huo wa miaka minane. Daktari aliomba baada ya msiba kwamba familia nzima ipimwe, kwa sababu moyo unaosimama kwa kishindo cha sauti unaweza kuwa wa kurithi. Baba alikataa katakata. Alisema amezika mmoja, hatamzika wa pili midomoni mwa watu. Hakuna sheria ya kumlazimisha mtu. Kwa hiyo kila Idi Bi Shahira alipanda ngazi za mtaa wa juu na sahani ya vileja vya tende, akakaa, akaulizia mtoto, akaambiwa mtoto mzima. Akamtazama Rahaf akikimbia huku na huku na vikombe. Kisha akashuka. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilimwambia siku moja kwamba anajitesa bure. Alinijibu kwamba sahani ni yake na miguu ni yake.

Baba alifariki kwa maradhi ya figo, na mwaka wa pili baada yake, miaka mitano iliyopita, Mama Dima akatokea mapokezi kwangu. Ilikuwa siku ya kliniki, ukumbi umejaa. Alikuja na Rahaf, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na saba, sura ya dada yake mpaka nikasahau kumsalimu. Nilijua, kama mji mzima ulivyojua, kwamba kuna kijana wa mtaa wa chini aliyekuwa anazungumziwa. Na kwenye benchi la mbele alikuwa amekaa mama mdogo wa kijana huyo, amekuja kupimwa presha.

Bi Shahira alitoka chumbani, akaona benchi, akaelewa. Akawaomba waingie ndani haraka. Mama Dima hakusogea. Alisimama katikati ya ukumbi, akashika mkono wa binti yake, akasema kwa sauti ambayo haikutetemeka:

"Huyu jana ameanguka mlango ulipobamizwa. Dada yake alianguka kabla hajafa, na mimi nilisema hakuanguka. Mdogo wangu naye alikufa kwa kishindo. Sasa nimesema. Aliyesikia akaseme anakotaka, lakini mpimeni mwanangu."

Mama mdogo wa kijana aliinamia mkoba wake kama mtu aliyepoteza ufunguo. Bi Shahira alimwingiza Rahaf, akamlaza, na mara hii karatasi ya mapigo ilijieleza yenyewe: ile nafasi ambayo moyo hujiandaa upya baada ya kila pigo ilikuwa ndefu kupita kiasi. Moyo wa namna hiyo, alieleza daktari, ukishtuliwa kabla haujamaliza kujiandaa unaweza kuvurugika wote. Mshtuko si ugonjwa. Mshtuko ni mlango tu ambao ugonjwa unapitia. Rahaf alipelekwa Amman siku hiyo hiyo, Bi Shahira ameketi naye nyuma ya gari la wagonjwa, na dereva ameombwa asiwashe king'ora.

Walipompima na mama, wakakuta ni yeye aliyewarithisha. Alikuwa ameishi na moyo huo maisha yake yote bila kuanguka hata mara moja. Habari hiyo alipewa na daktari, lakini aliyebaki naye chumbani baada ya daktari kutoka ni Bi Shahira, na waliyozungumza hajayasimulia. Sisi tulipeleka chai, tukairudisha imepoa.

Ile posa haikuja. Watu wa mtaa wa chini walituma salamu nzuri na hawakutuma kingine. Rahaf alilia, kwa sababu alimpenda yule kijana, na nisingependa mtu yeyote aandike kwamba ukweli haukuwa na gharama. Sasa ana miaka ishirini na miwili, anasoma uhasibu, anameza vidonge vyake kila siku, simu yake haiiti kwa sauti, na kila baada ya miezi mitatu anapanda ngazi zetu polepole kuja kupimwa.

Yapo mengine ambayo wasifu ulipaswa kuyataja: cheti cha mkoa, mafunzo aliyoyatoa kwa wauguzi wa vijijini, kamati ya sherehe aliyoiongoza kwa mkono wa chuma. Yote ni kweli, na yatasomwa siku ya hafla. Mimi nilipomaliza kuandika nilipanda kwa Mama Dima kuomba ruhusa, maana haya ni ya nyumba yake. Rahaf alikuwepo, na ruhusa niliiomba kwake pia. Alicheka, akasema niandike jina lake bila kulificha ili wachumba waoga wasipoteze muda. Mama yake hakucheka. Nilimuuliza kama hajuti, kwa jinsi posa ilivyokufa na watu walivyosema.

Alikuwa anapanga sahani. Akaweka moja mbele yangu, moja mbele ya Rahaf, akakaa.

"Nilikuwa na binti mwenye mchumba," alisema. "Sasa nina binti anayekula na mimi mchana, kila siku, na kunigombeza kwamba nimezidisha chumvi. Andika hivyo. Mwambie Shahira nimesema hivyo."

Bi Shahira, umeambiwa. Tunakushukuru kwa miaka yote, na hata kwa chai isiyo na sukari. Nenda ukapumzike, nasi tunakuombea afya na siku njema katika nyumba yako. Huku kwetu, kila atakayelazwa kwenye kitanda kile ataulizwa hofu ilimwingia wapi.